Koti la Mikono Miwili ya Kushoto

Mimi nina tumbo jepesi. Wengine wakiudhiwa damu huwapanda kichwani, wengine hulia, wengine hununa wiki nzima. Mimi hutaka kutapika. Mama anasema nilianza nikiwa mdogo sana, siku nilipomwona mjomba akikoroga chai, akakiramba kijiko pande zote mbili, kisha akakirudisha kwenye kopo la sukari. Nilitapika papo hapo, juu ya viatu vyake. Tangu siku hiyo kopo la sukari nyumbani kwetu hukaa juu kabisa ya kabati, na mjomba akija huletewa kijiko chake mwenyewe.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akaniona nina maringo nikifika kwa Bwana Ilhamu.

Chuo chetu ni cha mitindo, sanaa na usanifu. Nilikuwa namaliza upande wa michoro ya matangazo, na kazi ya ziada niliyobebeshwa ilikuwa kuendesha ukurasa wa chuo wa mtandaoni, Habari na Ilhamu. Habari maana yake nani ameshinda nini, maonyesho gani yanakuja, duka gani limeleta rangi mpya. Ilhamu maana yake picha nzuri za kuwaamsha wanafunzi waliosinzia. Waliniita Mhariri, jina kubwa kwa mtu aliyekalia kiti kilichoegemezwa kwa tofali. Mdogo wangu, kitindamimba wa kwetu, tulimwita Kitinda, na jina likamfuata mpaka chuoni. Yeye alikuwa upande wa mavazi. Kozi yake ni fupi kuliko yangu, kwa hiyo tungehitimu siku moja, na Mama alikwisha kuwatangazia majirani wote, hata wale asiosalimiana nao.

Pale chuoni, ghorofa ya pili, kuna ukuta mrefu. Kila mwanafunzi wa mavazi anayemaliza lazima atundike hapo ubao wake wa ilhamu, wenye vipande vya vitambaa, michoro na picha, na mbele yake asimamishe sanamu lililovaa nguo aliyoishona. Sheria ya ukuta ni moja: hakuna kufunika. Mgeni akija, aone. "Ilhamu haifungiwi kabatini," Mkuu wa Idara hupenda kusema, miwani yake ikiwa juu ya utosi kama kawaida yake. Sheria hiyo ina mwenzake. Siku ya kuhitimu, wote husimama jukwaani, wakainua mkono wa kulia, wakaapa kwamba hawatatia jina lao kwenye kazi ya mwingine. Ukutani tunafunua, jukwaani tunaapa. Mimi niliona mpango huo umekamilika. Mjinga ni mjinga tu, hata akiwa Mhariri.

Koti la Kitinda lilitokana na pazia la sebuleni kwetu. Lilikuwa pazia la mahameli, rangi ya kahawia iliyokolea, lenye maua makubwa ya manjano, na Mama alilinunua kabla mimi sijazaliwa. Kitinda alipoliomba, Mama alilitazama pazia, akamtazama Kitinda, akalirudia pazia.

"Na dirisha nilivishe nini?"

"Shuka, Mama."

"Shuka! Wapita njia waseme tumelaza mgonjwa sebuleni."

Lakini alilishusha mwenyewe, amesimama juu ya stuli, akipiga chafya kwa vumbi la miaka yote ile.

Kitinda alikata juu ya meza ya kulia. Pazia lilikuwa jembamba, asingeweza kulikunja mara mbili na kukata pande zote kwa pamoja kama tunavyofundishwa, basi akawa anakata kipande kimoja kimoja. Hapo ndipo shetani alipoweka kiti chake. Mkono wa koti una mbele na nyuma. Kiwiko hujipinda kwenda mbele, maana hakuna binadamu anayekunja mkono kinyumenyume. Ukishakata mkono wa kwanza, lazima uigeuze karatasi ya kipimo ndipo ukate wa pili. Kitinda hakuigeuza. Aliweka mkasi chini akajikuta na mikono miwili mizuri, imefanana kama mapacha, yote ya kushoto. Na mahameli ina uso na mgongo, huwezi kuigeuza ndani nje ukajifanya hujui. Kitambaa kilichobaki hakikutosha hata mfuko.

Alilia kilio cha kujifunika mto. Mama alisimama mlangoni akasema, "Umeliua pazia langu," kisha akaona amesema vibaya, akaenda kukaa naye kitandani.

Kesho yake Kitinda aliamka na macho mekundu na kichwa kigumu. Akauchukua ule mkono wa pili, akaushona hivyo hivyo ulivyo kwenye bega la kulia. Bega likajipinda, mahameli ikajikusanya mbele kwa mkunjo mmoja mzito, kana kwamba mvaaji ameshikwa na mtu asiyetaka aondoke. Lilipendeza. Lilipendeza mpaka likaniudhi, maana mimi nimesoma miaka mingi na sijawahi kukosea kitu kikatoka kizuri hivyo. Ila mkono haukupanda. Ukiuinua, koti zima linakufuata masikioni. Basi akatafuta kipande kilichobaki, kidogo kama kiganja, akakikata pembe nne, akakipachika kwapani, mahali ambapo hata ukichungulia hupaoni. Halafu akamwita Mama alivae.

"Inua mkono wa kulia, Mama."

Mama akainua.

"Zaidi."

Mama hakutaka kuinua mkono hewani kama mwehu. Akaenda zake kwenye kabati, akalifikia kopo la sukari kule juu, akalishusha. Akalirudisha. Akalishusha tena.

"Linapanda," akasema.

Akatupikia chai akiwa amelivaa, na hakulivua mpaka tulipomaliza kunywa.

Sasa tuje kwa huyo bwana. Jina lake lipo kwenye mabango. Sisi wanafunzi tulimpa la Bwana Ilhamu kwa kuwa hakuweza kumaliza sentensi bila kulitaja neno hilo. Alikuwa mbunifu mkubwa, mwenye duka lenye kuta za vioo na karakana yenye cherehani nyingi, na nilikuwa nimemsifu kwenye ukurasa wangu kila alipofanya onyesho, maana habari ni habari. Alikuja kuuona ukuta siku ya wageni. Marashi yake yalifika kabla yake, matamu, mazito, kama tunda lililosahauliwa kwenye begi. Nilipewa kazi ya kumfuata na kamera.

Alikuwa na tabia moja. Kila alipotaka kugeuza kitu, alilamba kidole. Akifika kwenye kipande cha hariri, analamba, anageuza. Akifika kwenye mchoro, analamba, anageuza. Ulimi wake ulikuwa mweupe katikati. Nyuma yake kila ubao ulibaki na doa dogo la unyevu, na wanafunzi wenzangu, wenye akili zao timamu, walikuwa wanatabasamu. Msichana mmoja alinong'ona, "Amegusa changu!" Nikamtazama nikidhani analalamika. Alikuwa anajisifu.

Mbele ya koti la Kitinda alisimama. Alilizunguka. Akaliinamia begani akavuta pumzi ndefu.

"Linanuka nyumba," akasema, macho amefumba. "Hii ndiyo ilhamu ya kweli. Umelitoa wapi, binti?"

"Ni pazia la Mama," Kitinda akajibu.

"Na bega?"

Hapo Kitinda angeweza kusema kwamba alikosea. Aliona haya. "Bega lilikuja lenyewe," akasema.

Bwana Ilhamu akacheka kwa meno yote, akachomoa simu, akapiga picha: mbele, nyuma, bega, bega, bega tena. Kwapa hakupiga. Nani anapiga picha kwapa?

Baada ya wiki chache ofisi yake ilituma taarifa niichapishe kwenye Habari na Ilhamu. Mkusanyo wake mpya ulikuwa tayari na uliitwa Bega. Nikafungua picha ya kwanza, nikadhani wamekosea wakanitumia za kwetu. Kahawia iliyokolea. Maua ya manjano. Mkunjo uleule mzito mbele ya bega la kulia. Chini yake wameandika kwamba wazo lilimjia msanii alfajiri moja, akilikumbuka pazia la sebuleni kwa marehemu bibi yake, na kwamba alibubujikwa na machozi akichora. Nilisoma mpaka kwenye machozi. Chooni nilifika kwa bahati.

Nilipotoka nilidhani chuo kitatupa pole. Nilidhani Mkuu wa Idara atapiga meza. Kumbe aliyeitwa kujieleza ni Kitinda. Bwana Ilhamu alikwisha kupiga simu kabla yetu: amesikia kuna koti ukutani linalofanana na lake, mchoro ni wake wa mwaka jana, ulikuwa umezagaa dukani, wanafunzi huingia na kutoka, hataki kumharibia mtoto wa watu maisha, lakini haki ni haki. Picha zangu za siku ya wageni hazikusaidia kitu, kwa sababu kama mchoro ni wa mwaka jana, basi ukuta wetu ndio uliochelewa. Na sheria ya chuo kwa anayeiga kazi ya mtu inajulikana. Hahitimu. Hana cheti, hana jukwaa, miaka yake yote imekwenda na maji.

"Mama asijue," Kitinda aliniambia. Alikuwa amejishika tumbo, nikadhani ugonjwa wangu umemwambukiza. "Dada, Mama amekwisha kuwaambia watu."

"Hatajua. Tutakwenda wote, mimi ni mkubwa wako. Na ile mikono yako miwili ya kushoto ndiyo itakayotuokoa."

Hakuelewa. Nikamweleza, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo nikamwona akicheka.

Siku ya kikao tulikuwa watano ofisini. Mkuu wa Idara alikaa nyuma ya meza yake, miwani utosini. Mwalimu wa kukata, mzee aliyemfundisha Kitinda kushika mkasi, alikaa dirishani akichezea utepe wa kupimia. Bwana Ilhamu alikuja na koti lake ndani ya mfuko wa nguo, na marashi yake yakajaa chumbani mpaka nikawa napumua kwa mdomo. Sisi tulikuja na koti letu mkononi, halina mfuko.

"Naomba jambo moja tu, Mkuu," nikasema. "Uyavae yote mawili. Uanze na la mgeni."

Alitazama huku na huku, lakini koti la Bwana Ilhamu linauzwa ghali, na hakuna mwanamke anayekataa kulijaribu bure. Alilivaa. Lilimkaa vizuri sana, naomba niwe mkweli.

"Sasa, Mkuu, naomba uvae miwani yako ulisome hili." Nikamnyooshea taarifa ya Bega.

Akainua mkono wa kulia kuifuata miwani. Mkono ukafika kidevuni ukakwama. Akavuta. Koti likapanda, kola ikameza masikio, akabaki anatutazama kutoka ndani kama kobe. Miwani ipo utosini, mkono upo kidevuni, na katikati hakuna njia.

"Tuvue hilo," nikasema kwa adabu zote. Akavaa la Kitinda. Mkono ukapanda bila neno, ukaichukua miwani, ukaiweka puani. Mkuu wa Idara akamtazama Bwana Ilhamu kupitia miwani hiyo.

"Mdogo wangu alikata mikono miwili ya kushoto," nikaeleza. "Pazia lilikuwa jembamba, alikosea. Kosa lenyewe linaonekana begani, ndilo lililopigwa picha. Dawa yake ni kiraka kilicho kwapani, na hicho hakionekani kwenye picha. Mwalimu, kague."

Mwalimu wa kukata akainuka, akaigeuza mikono ya koti la mgeni, wa kwanza, wa pili. Akaingiza vidole kwapani. Alijua. Nilimwona akijua. Nikamgeukia Bwana Ilhamu. "Yeye alikosa kitambaa. Wewe una majora kwa majora. Mikono yako miwili ya kushoto imetoka wapi?"

Nilingoja aone haya. Nilikuwa nimejiandaa kwa haya, kwa ukali, hata kwa uongo mwingine. Yule mtu alitabasamu.

"Binti," akasema, "nguo yangu si ya kufikia rafu. Mwanamke anayevaa nguo yangu ana mtu wa kumshushia vitu."

Halafu akamwomba Mkuu wa Idara ruhusa ya kuongea na Kitinda nje kidogo. Na Mkuu wa Idara, aliyetoka kuona kwa macho yake mwenyewe, akampa. Mwalimu wa kukata alirudi dirishani, akawa anauviringa utepe wake, anauviringua, anauviringa. Nikamwambia, "Mwalimu, si umeona?" Akasema, "Nimeona, nimeona," kwa sauti ya mtu anayejibu kwamba mvua inanyesha.

Mlango ulikuwa wa kioo. Niliwaona. Yeye anaongea, Kitinda ameinamisha kichwa. Yeye anaongea, Kitinda ameinua kichwa. Kisha akatoa kifurushi cha kadi zake, akalamba kidole, akachomoa moja. Nilimwona mdogo wangu akiipokea. Aliishika palepale penye mate.

Waliporudi, Kitinda alisimama mbele ya meza na kusema na kalamu zilizokuwa juu yake.

"Wazo lilikuwa la kwake. Mimi nilishona tu. Alinielekeza."

"Kitinda," nikasema.

"Alinielekeza," akarudia.

Mkuu wa Idara alishusha pumzi kama mtu aliyefunguliwa mkanda. "Basi huu si wizi," akasema. "Huu ni ushirikiano." Neno likawafurahisha wote. Mwalimu wa kukata akatikisa kichwa kukubali. Kitinda atahitimu, kazi yake itahesabiwa imefanywa chini ya gwiji, na akishahitimu ana nafasi kwenye karakana yake. Bwana Ilhamu akaomba alichukue koti letu, kwa kumbukumbu. Alitoa mfuko wa plastiki mfukoni, mdomo wake ulikuwa umegandana. Akalamba kidole gumba, akaufungua, akalisokomeza ndani pazia la Mama.

Nilitapika kwenye chungu cha maua cha Mkuu wa Idara. Sioni haya kulisema. Lilikuwa ua la plastiki, halikudhurika.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma. Tulipofika kwenye kona ya duka la vifungo akasimama.

"Dada, usinitazame hivyo."

"Sijageuka hata kidogo, nitakutazamaje?"

"Najua unavyonitazama. Kama mjomba na kijiko."

Nikageuka. "Tulikuwa tumeshinda, Kitinda. Wote waliona."

"Waliona, wakafanya nini? Umemwona Mwalimu? Huyo ndiye anayenipenda." Kadi bado ilikuwa mkononi mwake. "Ungeshinda wewe leo, mimi kesho ningekwenda wapi? Nani angenipa kazi, hata ya kushona vifungo, baada ya kumvua nguo mtu yule? Sasa nina kazi."

"Kazi ya kushona mikono yako mwenyewe kwa jina lake."

"Wewe una tumbo, Dada. Mimi nina maisha mbele yangu."

Maneno yake yalikuwa na ukweli, na hilo ndilo lililonichefua kuliko yote. Kama angekuwa anasema upuuzi mtupu ningempiga kofi tukaishia hapo. Nikamuuliza tu, "Na Mama?"

"Mwambie nimepata kazi."

"Na pazia lake?"

Alitia kadi mfukoni. "Mwambie lipo chuoni, limewekwa vizuri."

Nikamwambia Mama hivyo, neno kwa neno. Alifurahi mpaka akamsalimia jirani wa kushoto, mmoja wa wale asiosalimiana nao.

Mkuu wa Idara alitaka habari iandikwe: Gwiji na Mwanafunzi, Ilhamu ya Pamoja. Nilifungua ukurasa, nikaandika kichwa hicho, nikakaa nacho mpaka chai ikapoa. Chini yake sikuweza kuandika hata nukta. Nikamwambia sitaandika, atafute mwingine. Asubuhi iliyofuata habari ilikuwa hewani, ndefu, tamu, imejaa gwiji na malezi na vipaji. Aliiandika yeye mwenyewe. Mwishoni, mahali pa mwandishi, aliweka jina langu. Nilipokwenda kulalamika, alishangaa. "Si ukurasa wako?" akasema.

Siku ya kuhitimu Mama alivaa gauni lake la harusi za watu, akaketi safu ya tatu, mkoba mapajani. Mimi nilikuwa nimekwisha kuitwa na wenzangu wa michoro, nimeapa, nimeshuka na cheti changu. Sasa nilikaa kando yake na kamera ya chuo, kwa kuwa kazi ni kazi. Wa mavazi wakapanda jukwaani. Kitinda alikuwa wa katikati, amevaa koti la Bwana Ilhamu, moja kati ya yale yaliyokwisha kushonwa karakanani, mahameli mpya inayong'aa, maua ya manjano makali kuliko yale yetu.

Mama akaninong'oneza, "Hilo si langu."

"Si lako."

"Mbona maua ni yale yale? Pazia langu limezaa?"

Kabla sijajibu, Bwana Ilhamu alishika kipaza sauti. Marashi yalitufikia hata safu ya tatu. Akaeleza habari za bibi yake, marehemu, na sebule yake, na pazia lake la kahawia lenye maua ya manjano. Sauti ikamkatika mahali panapostahili. Watu wakapiga makofi, mwanamke mmoja mbele yetu akajifuta macho. Koo langu likajaa maji machungu, nikameza.

"Bibi yake naye alikuwa na pazia kama langu?" Mama akauliza.

"Ndivyo anavyosema."

"Mh," akasema Mama. Alinitazama muda mrefu, nikajifanya nasafisha kioo cha kamera.

Ndipo Mkuu wa Idara akasogea mbele. "Wahitimu, inueni mkono wa kulia."

Mikono ikapanda, safu nzima. Wa Kitinda ulifika kifuani ukakwama. Akajaribu tena, na badala ya mkono likapanda koti, kola ikamgusa masikio. Mwenzake wa kando akamtupia jicho. "Sitatia jina langu," walikuwa wanasema wote kwa sauti moja, "kwenye kazi ya mwingine," na midomo ya Kitinda ilikuwa inakwenda pamoja na yao. Kwenye kamera niliyaona macho yake yakitafuta safu yetu. Hakunitafuta mimi. Akaushusha mkono wa kulia, akainua wa kushoto upesi upesi, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda nje.

"Lile langu mkono ulikuwa unapanda," Mama akasema taratibu.

"Ndiyo, Mama."

"Mpaka kwenye kopo la sukari."

"Ndiyo."

Makofi yalipopigwa alikaa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili. Kiapo kilipokwisha, Kitinda alishuka ngazi akaja mbio kwetu, anacheka na kulia kwa pamoja, mikono ameifungua, wa kushoto juu, wa kulia nusu. Mama alisimama akamkumbatia kwa upande wa ule mkono usiopanda. Nikauona mkono wake ukipita chini ya mahameli mpya, ukaenda moja kwa moja kwapani, ukapapasa polepole, ukitafuta kile kiraka cha pembe nne.

Ulipapasa mara ya pili, kisha ukatulia palepale kwenye mshono mtupu.